Betri Namba Saba

Demissew aliitoa drili kwenye mfuko wa chakula, chini ya kitambaa kilichofungia mkate wa injera, akaisukuma kwenye dirisha la stoo ya zana ya karakana ya ndege walikofanya kazi wote wawili, bila kumtazama mkewe usoni.

"Haya, chukua kitu chako. Haraka, kabla Injinia hajaingia."

"Mlinzi hakukukagua?"

"Kashika mfuko. Nikamwambia leo Ijumaa, tunafunga, kama anatamani mchuzi wa shiro usio na siagi apekue tu. Kacheka, kaniachia."

Yeshimebet hakucheka. Umeme wa mtaani kwao ulikuwa umekatika siku ya nne, drili ya waya ya jirani haikuwa na faida, na bati la nyumba lilikuwa linavuja juu kabisa ya kitanda cha mama mkwe wake. Mvua kubwa za mwezi wa Sene zilishaanza kunguruma upande wa milimani. Ndipo jana jioni Demissew aliposimama dirishani pale pale, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Jioni moja tu, Yeshi. Ya betri haihitaji umeme wa mtu." Naye akampa. Kwenye daftari aliandika: betri 7, kwenye chaja. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka sita kuandika neno lisilo la kweli katika daftari lile.

Sasa alichomoa betri kwenye drili. Kwa utaratibu, betri ikirudi dirishani hugeuzwa pande zote, hunuswa, hushikwa kwa kiganja kuona kama ina joto, kisha maungio yake humulikwa tochi kuona kama yameachana. Yeshi alizifanyia hivyo betri zote nane, asubuhi na jioni, mpaka mafundi wakambandika jina la Muuguzi. Asubuhi ile hakufanya. Aliona haya kuiangalia, kama mtu anavyoona haya kumtazama mgeni aliyelazwa nyumbani kwa siri. Aliichomeka kwenye chaja na kuitundika drili kwenye ubao, juu ya kivuli chake cheusi kilichochorwa kwa rangi. Kila zana ilikuwa na kivuli chake pale ubaoni. Ikikosekana, kivuli ndicho kinachokukodolea macho. Ubao ulipojaa, akashusha pumzi.

Saa nne Lemessa alikuja dirishani akipiga mluzi. Alikuwa fundi kijana kutoka Ambo, mrefu, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Dada Muuguzi, nigawie mgonjwa mmoja aliyepona. Leo naingia mkiani, nakwenda kuonana na panya."

"Ukimkuta panya kwenye ndege mwambie Injinia, usimwambie mtu mwingine."

"Nikimkuta nitamwomba tikiti."

Taa ya chaja namba saba ilikuwa ya kijani. Yeshi akampa hiyo. Lemessa alitundika kibati chake cha shaba, namba kumi na mbili, mahali palipokuwa na drili, akaenda zake na mluzi wake.

*

Nyumba yao ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kutoka lango la karakana, na Yeshi alipenda kwenda kula kwake. Mama mkwe wake, Zenebech, alikuwa ameshatandika injera kwenye sinia na kumwagia shiro katikati. Yule bibi alikuwa na furaha ambayo Yeshi hakuwa ameiona tangu Pasaka. Beseni la kukingia matone bado lilikuwa juu ya kitanda, lakini alilitazama kwa dharau.

"Sasa inyeshe," alisema. "Inyeshe mpaka ichoke. Nitalala kama malkia."

"Amefanya kazi nzuri, Mama."

"Nzuri? Kwa mikono ile ya siagi?" Zenebech akaanza kucheka peke yake, mabega yakimtikisika. "Hujaambiwa? Aa, hujaambiwa! Ile mashine yenu ilimponyoka kule juu. Ikateleza batini kama mtoto anayecheza, ikatua kwenye jiwe langu la kufulia, pa! Nikasema, haya, imekufa. Akashuka mbio, akaibonyeza, ikalia. Akaniambia, Mama, nyamaza, usimwambie Yeshi, atanitia kwenye daftari."

Yeshi alilirudisha tonge kwenye sinia.

"Ilitua upande gani, Mama?"

"Upande gani tena? Ilitua kwa matako. Pale chini paliponenepa."

Pale chini paliponenepa ndipo betri inapokaa, na betri iliyopasuka ndani ikichajiwa huweza kuwaka moto.

"Mbona unainuka? Kahawa bado! Yeshi! Umeacha chakula, mwanangu, watu watasema nakunyima!"

Alikuwa ameshafika barabarani. Alikimbia akishikilia shela yake isianguke, akapishana na wanafunzi na muuza mahindi, na kila hatua aliiona betri ile jinsi ilivyokuwa kwenye chaja mpaka alipompa Lemessa, ikijazwa na kujazwa, na yeye kakaa pembeni akipanga misasa.

*

Ndege ilikuwa ya abiria kumi na wanne. Bawa lake la kushoto lilikuwa wazi kwa sababu tangi lilikuwa linatoa jasho la mafuta, na kuzunguka bawa hilo palifungwa kamba yenye vitambaa vyekundu. Ndani ya kamba hapaingizwi kitu cha betri, hata simu. Hapo mafundi hutumia zana za upepo tu, kwa sababu cheche moja ndogo isiyoonekana inatosha kuwasha mvuke wa mafuta. Mkia ulikuwa nje ya kamba. Lakini mkia na bawa ni mwili mmoja, na kutoka viatu vya Lemessa vilivyochungulia kwenye mlango wa mkia mpaka kamba ile zilikuwa hatua sita. Yeshi alizihesabu bila kutaka.

"Lemessa! Toka na hiyo drili."

"Nimebakiza skrubu nne," sauti ilitoka ndani, nzito kama ya mtu aliye kisimani.

"Toka sasa hivi."

"Dada, mbona unanifukuza kama kuku aliyeingia jikoni?"

"Nataka betri. Ninahesabu."

"Saa saba mchana? Hesabu si jioni?"

"Lemessa, nakuomba."

Kitu katika sauti yake kilimtoa. Alitambaa kinyumenyume, vumbi puani, akamkabidhi drili. "Shika. Hata hivyo leo ilikuwa inanipasha kiganja. Nilidhani imeshiba mno."

Yeshi alichomoa betri, akatembea nayo mkono ukiwa umenyooka mbali na mwili, akatoka mlango wa nyuma mpaka kwenye sanduku la chuma la mchanga lililowekwa peke yake ukutani. Kwenye mwanga wa jua alifanya alichopaswa kufanya asubuhi. Chini ya betri palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Tumbo lake lilikuwa limeinuka kidogo. Ilinukia utamu wa rangi ya kucha. Aliizika mchangani, akafunga kifuniko.

Alimkuta Demissew bombani akinawa grisi.

"Ilianguka," alimwambia.

Demissew aliendelea kujipaka sabuni. "Nani kasema?"

"Mama."

"Mama naye! Mdomo wake ungefungwa na ule mlango wa stoo yako."

"Demissew, uliniacha niichomeke kwenye chaja."

"Ilikuwa inafanya kazi! Nilimaliza nayo mistari miwili mizima ya skrubu. Kitu kibovu kinafanya kazi?"

"Wewe ni fundi wa miaka tisa. Uniulize mimi?" Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kawaida yake. Hata akiwa na hasira haikupanda. "Nimempa Lemessa. Alikuwa amelala nayo mle ndani, imemkaa usoni, na tangi liko wazi."

Maji yaliendelea kumwagika. Demissew alifunga bomba taratibu. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kitu kikipita karibu sana naye. Kisha ukajifunga.

"Sasa iko wapi?"

"Mchangani."

"Basi. Imekwisha. Hakuna aliyeumia."

"Saa kumi Injinia anahesabu. Zitakuwa saba."

"Andika imepasuka kazini."

"Kazini kwa nani? Kibati cha mwisho ni cha Lemessa."

Demissew alitazama nyuma, akamsogelea. "Lemessa hana mke, hana mtoto, hana mama wa kutunza. Atapewa onyo, atanuna siku mbili, ya tatu atapiga mluzi. Sisi tupo wawili hapa, Yeshi. Tukitupwa tunatupwa wote. Na kaka yako je? Umemfikiria kaka yako?"

Alikuwa amemfikiria. Alimfikiria tangu kwenye barabara ya mahindi. Ili apewe funguo za stoo, miaka sita iliyopita, alitakiwa kumleta mdhamini. Aschalew, kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi, alichukua barua ya mshahara wake akaenda kumwekea saini. Siku ya kumwomba, mke wa Aschalew alimwacha Yeshi ameketi sebuleni tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kukaanga hata punje moja ya kahawa ya kumkaribisha. Mwishowe alimwambia akiwa amesimama mlangoni, "Ukivunja kitu huko, sisi huku tutakula chaki."

"Nisikilize," Demissew alisema, sasa kwa upole, ule upole wa jana dirishani. "Usiseme kitu. Sikuambii udanganye. Nyamaza tu."

*

Moshi ulionekana saa tisa na nusu. Mtu aliyekuwa akivuta sigara nje ya uzio ndiye aliyepiga kelele. Wote walitoka mbio na kuliona sanduku la chuma likipumua moshi mweupe kwenye maungio ya kifuniko, kisha ukaja mlio kama mafuta yanayokaangwa, na kifuniko kikaruka. Mwali ulisimama wima, mweupe katikati, kwa muda wa kama mtu kusema Baba Yetu taratibu. Hakuna aliyesogea. Baadaye palibaki mchanga mweusi na harufu iliyokaa kooni.

Injinia Zerihun alikuwa mtu mfupi asiyepaza sauti, na mafundi walimwogopa kwa hilo hasa. Aligeuka kwanza kulitazama bawa lililo wazi, kupitia mlango. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwenye ubao wa zana, kundi zima likimfuata, akasoma daftari kwa kidole.

"Namba saba. Kibati kumi na mbili. Nani?"

"Mimi, Injinia," Lemessa alisema.

"Uliiangusha saa ngapi?"

"Sikuiangusha."

"Betri haijipasui yenyewe."

"Naapa, Injinia, kwa jina la mama yangu. Niliingia nayo nikatoka nayo."

"Ilikuwa na joto?"

"Ilikuwa... ndiyo, ilikuwa na joto kidogo."

"Ukaendelea kuitumia."

Lemessa alikitazama kiganja chake. Mafundi waliokuwa wakicheka naye asubuhi walikuwa wamesogea, kidogo tu, kila mmoja nusu hatua, na yeye akabaki na nafasi kumzunguka. Nyuma ya wote, karibu na mlango, Demissew alikuwa akifuta spana iliyokuwa safi.

"Labda niliigonga," Lemessa alisema polepole. "Mle mkiani ni pembamba. Labda niligonga na sikujua, Injinia. Inawezekana. Sijui. Kama ni mimi, basi ni mimi."

Yeshi alikuwa ndani ya stoo, dirisha likimkata kifuani kama picha kwenye fremu. Angeweza kustahimili kumwona akikana. Hili la kumwona akianza kuamini hakuweza.

"Hakuigonga," alisema.

Hawakusikia. Ilimbidi arudie, na kurudia kulikuwa kugumu kuliko kusema.

"Hakuigonga, Injinia. Ilianguka jana jioni, nyumbani kwangu. Kutoka juu ya bati. Niliitoa hapa, nikaandika iko kwenye chaja. Leo sikuikagua."

Injinia alimtazama, kisha macho yake yakasafiri juu ya vichwa vya watu mpaka mlangoni.

"Wewe ndiye uliyepanda bati, Yeshimebet?"

Spana iliacha kufutwa. Yeshi alimwangalia mumewe, na Demissew alimwangalia yeye, na katika nafasi ile palikuwa na wakati wa kutosha kabisa kwa mtu kusema neno moja. Yeshi aliona, kama mtu anayehesabu, mshahara mmoja ambao ungebaki, na mama mkwe na beseni lake.

"Dirisha ni langu, Injinia," alisema.

Demissew akainamisha kichwa.

*

Ofisini Injinia hakumkaripia. Alimwelekeza kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, akamwambia asome kwa sauti. Mlango ulikuwa wazi na mafundi walikuwa wamejipanga nje wakisubiri kuitwa kuandika maelezo. Karatasi ile aliiandika Yeshi mwenyewe mwaka wa kwanza, kwa mwandiko wake wa duara, na pembeni alichora betri yenye bendeji ili watu wacheke na wakumbuke.

"Betri iliyoanguka," alisoma, "hata kama inafanya kazi, isirudi kwenye chaja. Iwekwe mchangani, nje." Akasogeza kidole kwenye mstari wa mwisho. "Aliyeiangusha aseme."

"Tena."

"Aliyeiangusha aseme."

Huko mlangoni mtu fulani alikohoa. Hakugeuka kuona ni nani.

"Umeiondoa kwa yule kijana kabla haijalipuka, na umesema," Injinia alisema. "Kwa hiyo siwaiti polisi. Lakini funguo siwezi kukuachia. Unaelewa kwamba siwezi?"

"Naelewa."

"Mdhamini wako afike Jumatatu. Tumeshampigia."

Alivua funguo shingoni. Kamba yake ilikuwa imemwachia alama nyembamba nyuma ya shingo, na hewa ilipopapiga alihisi kama pamechunwa. Alirudi stoo kuchukua shela na kikombe chake. Lemessa alikuwa pale dirishani, upande wa mafundi, akikishika kibati namba kumi na mbili kama mtu asiyejua pa kukiweka.

"Dada," alisema. Akatafuta utani, hakuupata. "Dada, nilishaanza kujiona kabisa nikiigonga. Niliiona mpaka mahali."

"Nilikuona," Yeshi alisema. "Nenda kamalize skrubu zako nne. Chukua namba mbili, hiyo ni nzima."

Langoni mlinzi alipekua mfuko wake mpaka kwenye pindo. Siku zote za miaka ile sita hakuwa amewahi kumpekua.

*

Mvua iliwakuta nyumbani, kukiwa bado kweupe. Ilikuja yote kwa pamoja, ikapiga bati kwa nguvu hata ikabidi watu waseme kwa kupaza sauti, na katika nyumba ile hakuna aliyetaka kusema kitu isipokuwa Zenebech. Alisimama katikati ya chumba, shingo imepinda, akikagua juu.

"Hata tone!" alipiga kelele. "Yeshi, njoo uone! Hata tone moja!" Akalitoa beseni kitandani, akalipangusa kwa upande wa gauni, akalisukuma chini ya kabati kama mtu anayemfukuza mpangaji mkorofi. "Mwanangu, Mungu aibariki hiyo mikono ya siagi!"

Demissew alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, viatu vimelowa, mikono katikati ya magoti. Hakuinua uso.

"Mbona mmenuna? Mtu amepona uvujaji mnanuna? Ngoja nikaange kahawa."

Simu ya Yeshi iliwaka juu ya meza. Ilikuwa ujumbe wa Aschalew: Nimeitwa kazini kwako Jumatatu. Kuna nini, dada? Mke wangu anauliza. Aliusoma mara mbili, akaigeuza simu kifudifudi. Akaja kuketi kwenye ukingo wa kitanda cha mama mkwe, mahali palipokuwa na beseni. Palikuwa pakavu.

"Jumatatu nitamwambia," Demissew alisema. Alisema chini sana, na mvua ilikuwa nyingi. "Nitakwenda na kaka yako, nitamwambia Injinia ni mimi. Umesikia, Yeshi?"

Alisikia. Alitaka kumwamini, na alitaka pia asiende, maana hapo wangebaki bila hata mshahara mmoja. Akainua macho. Nyumba haikuwa na dari. Ncha za skrubu mpya zilikuwa zimetokeza chini ya mbao, zinang'aa, zimekazwa sawa, hakuna iliyozidi na hakuna iliyolegea. Ilikuwa kazi ya fundi hasa.

Alianza kuzihesabu kutoka kona ya mlangoni, mstari kwa mstari, midomo ikienda bila sauti, kama alivyofanya kila jioni mbele ya ubao. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akahesabu tena ili awe na hakika.

Thelathini na sita. Zote zilikuwepo.